Safari ya wawili baada ya misheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wake, waume na wachumba wa wanajeshi waliorudi kutoka ulinzi wa amani: Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Lebanoni, na zamani Darfur. Mengi huja usiku kwa ujumbe wa sauti, na mengi huanza na "dada, usinicheke". Sicheki. Mimi mwenyewe ni mke wa mwanajeshi na kazi yangu ni kuwapangia watu safari, kwa hiyo nimejibu kama ninavyowajibu mashoga zangu. Msimamo wangu nausema mapema: safari hii ni ya aliyebaki nyumbani sawasawa na ilivyo ya aliyerudi. Mipango mingi huharibika kwa kuwa kila mtu anamwangalia mmoja tu.

Anatua wiki ijayo. Nikate tiketi ya Zanzibar ya siku inayofuata?

Usikate. Kwanza, tarehe yenyewe si ya kuiamini. Ndege za kubadilisha vikosi husogezwa mbele, na hata akishatua hatoki uwanjani akaja moja kwa moja sebuleni kwako. Kuna kuripoti, kukabidhi vifaa, kupimwa afya, mapokezi. Likizo yake inaanza pale kikosi kitakapomwandikia ruhusa.

Pili, nyumba aliyoiacha siyo anayoikuta. Mtoto aliyemwacha anatambaa sasa anakimbia, tena anamkimbia yeye. Fundi bomba akija anakuuliza wewe. Namba ya mita ya umeme iko kwenye simu yako, ada ya shule unajua wewe imebaki kiasi gani, na kwenye kikoba wewe ndiye mweka hazina. Anafungua kabati kutafuta sukari anakuta unga, ananyamaza, na wewe unaona kabisa kwamba kanyamaza. Mambo kama haya ni madogo lakini yanachoma, na ni afadhali yachome mkiwa nyumbani, bure, kuliko kwenye chumba mnacholipia kila usiku. Wiki mbili au tatu za kukaa tu zinatosha kwa wengi. Alale, azoee kelele za mtaani kwenu, atembelewe na majirani mpaka wamchoke. Ndipo muondoke.

Mimi napanga Nungwi, Zanzibar, yeye anasema hataki kwenda popote. Nimlazimishe?

Mtazame kwa jicho lake. Mwaka mzima amelala kwenye hema au kontena, kala chakula cha jeshi, kila hatua kapangiwa na mtu mwingine. Kitanda chake mwenyewe ndiyo safari aliyoiota. Wewe kwa upande wako mwaka mzima umekuwa humo humo ndani, ukipika, ukiuguza, ukikimbizana na shule, na kuta zenyewe umezichoka. Wote mna haki, na ndiyo maana jambo hili linagombanisha watu wanaopendana.

Ninachoshauri ni kugawa. Wiki za kwanza ni zake: nyumbani, wala usimwambie kuna rangi ya kupaka. Baada ya hapo siku tatu au nne ni zako, na mahali unachagua wewe. Mwambie hivyo waziwazi: "Baba Neema, mwaka huu mimi sijalala hata usiku mmoja nje ya hapa." Sijaona wengi wanaokataa wakiambiwa kwa maneno hayo. Wanachokataa ni kuambiwa kwamba wao ndio wanaohitaji kupumzishwa.

Twende wapi?

Karibu, na muda mfupi. Msafiri wa aina hii ameshachoka na viwanja vya ndege.

Zanzibar ndiyo inayoongoza kwa kuulizwa, na inastahili. Boti yaendayo kasi kutoka Dar inachukua kama saa mbili, na raia wa Tanzania hahitaji pasipoti, kitambulisho kinatosha. Jambo ambalo watu hawaambiwi ni maji. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani na Bwejuu, maji yakitoka yanakwenda mbali kweli. Unaweza kutembea kwa miguu mpaka kwenye mashamba ya mwani, na kuogelea ni mpaka yarudi. Nungwi na Kendwa, kaskazini, kunaogeleka karibu muda wote. Ukiniuliza mimi, kwa wawili waliopotezana mwaka mzima nachagua mashariki. Nungwi usiku kuna muziki na watu. Jambiani maji yakitoka hakuna cha kufanya zaidi ya kutembea, na watu wanaotembea bila haraka huishia kuzungumza. Vaeni viatu vya maji, kuna viumbe wadogo wa baharini wenye miiba, wavuvi watawaonyesha. Ikikuchoma likizo yote unachechemea.

Mkipiga simu hotelini ulizeni bei ya mkaazi. Bei iliyoandikwa kwa dola ni ya mgeni, na hoteli nyingi zina nyingine ya shilingi ambayo haitajwi mpaka uiulize.

Bagamoyo ni kwa wasiotaka kuvuka maji au wenye siku mbili tu. Asubuhi unaondoka Dar, mchana uko Kaole kwenye magofu, jioni unakula samaki wa kukaanga ufukweni. Hakuna mengi, na hilo ndilo zuri lake.

Lushoto nawapeleka wale ambao bahari hawaitaki. Basi kutoka stendi ya Magufuli, unashuka au unabadilisha Mombo, kisha unapanda mlima kwa barabara ya kona baada ya kona. Juu kule kuna baridi ya kweli mwezi wa Juni mpaka Agosti, kuna parachichi na jibini, na kuna Irente, ukingo wa mwamba ambapo unaiona tambarare yote iko chini ya miguu yako. Mtu aliyekuwa Kivu, Kongo, atakuambia milima hii inafanana na ya kule. Wengine hilo huwatuliza, wengine huwanyima raha, basi muulize kabla hujalipia.

Mikumi imekuwa rahisi tangu treni ya SGR ianze 2024: Dar hadi Morogoro mnatumia kama saa mbili, halafu gari. Kiingilio cha hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni. Nina angalizo moja. Kukaa juu ya gari la wazi, ukikagua vichaka kwa macho, mtu mbele akinyoosha kidole, ni doria ile ile. Nimempeleka afande mmoja aliyefurahi kama mtoto kwa kuwa safari hii kilichokuwa kichakani kilikuwa tembo. Mwingine alikaa kimya njia nzima, mkono umeshika bomba la kiti, na mkewe akaomba dereva awarudishe. Anzeni na mzunguko mfupi wa asubuhi kabla ya kulipia siku nzima.

Msimu gani unafaa?

Likizo ya jeshi haikuulizi msimu. Kama imeangukia Machi hadi Mei, masika, bei za visiwani zinashuka na hoteli nyingine zinafungwa kabisa, kwa hiyo pigeni simu kwanza. Mvua yenyewe kwa wapenzi si tatizo kubwa. Juni hadi Agosti kusi inavuma na boti hurusha watu. Aliyezoea ndege za mizigo hatishiki, lakini wewe beba limao na mfuko. Desemba mwishoni ni ghali, na kuna fataki, ambazo nazizungumzia chini. Ramadhani katika Mji Mkongwe migahawa mingi hufungwa mchana, basi kama hamfungi, kuleni hotelini na kwa staha.

Hela za misheni zimeingia. Tutumie kiasi gani?

Ngoja ziingie kweli. Umoja wa Mataifa hurejesha gharama za askari kwa serikali yake, na serikali ndiyo inayomlipa mtu wake kwa utaratibu wake. Kati ya hapo kunaweza kuwa na kusubiri. Usilipe hoteli kwa pesa ya "mwezi huu lazima".

Pesa hizi nazo zina wenyewe wengi. Kabla hajatua, shangazi ameshaona bati, mdogo wake ameshaona bodaboda, na kuna kiwanja Kibaha ambacho dalali amekipigia simu. Kaeni wawili na karatasi: ujenzi, ada, wazazi, madeni, na mstari mmoja wa safari. Ule wa safari andikeni kabla ya wa ndugu, kwa sababu ukiandikwa mwisho haubaki. Na usimtangazie mtu mnakwenda wapi. Ukiwa Jambiani unapigiwa simu ya mchango wa harusi, na anayepiga ameshaona picha yako na nazi mkononi.

Wazazi wake Songea wanasema kwanza tuje kwao. Tuunganishe?

Msiunganishe. Kwa wazazi muende, na muende mapema, mbebe zawadi, wamwone kwa macho yao, wamwombee dua au ibada. Ila ile ni ziara ya ukoo. Wewe mkwe utakuwa jikoni na yeye atakuwa chini ya mwembe anasimulia Kongo kwa mara ya kumi. Ukiita hiyo safari ya wawili utarudi na kinyongo. Fanyeni zile siku za kijijini, rudini, pumzikeni, kisha muende zenu.

Na watoto?

Mara ya kwanza wabaki kwa bibi, usiku mbili au tatu tu. Lakini si kabla hawajakaa na baba yao vya kutosha. Mtoto aliyemsubiri mwaka mzima, kisha akaona baba karudi na mama naye kachukuliwa, atawakumbusha mpaka anaoa. Kama mtoto ananyonya, nendeni naye, na mtafute penye chumba cha pili au baraza.

Anatumia dawa za kuzuia malaria alizopewa kule. Aache tukiwa likizo?

Asiache kabla ya muda wake. Doksisaiklini na meflokwini huendelea kumezwa wiki 4 baada ya kutoka eneo la hatari. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huendelea siku 7. Mwongozo wa daktari wa kikosi ndio wa kufuata.

Na hapa pana mambo mawili yanayohusu safari moja kwa moja. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue na jua upesi, hata ngozi yetu nyeusi, kwa hiyo kama anaimeza na mnakwenda ufukweni, kofia na mikono mirefu mchana. Meflokwini huweza kuleta ndoto kali na wasiwasi. Mke mmoja alidhani mumewe anaandamwa na mambo ya vita, kumbe nusu ya tatizo ilikuwa kidonge. Asiache kimyakimya, arudi kwa daktari amweleze.

Akipata homa wakati wowote ndani ya miezi ya kwanza, hata kama mko kwenye hoteli nzuri, pimeni siku hiyo hiyo na mseme alikotoka. Usimpe panado na kumfunika shuka.

Kuhusu kitu ambacho wengi wanakizunguka: ndiyo, pimeni VVU, wote wawili, na mpime pamoja ili isiwe mmoja anamtuhumu mwenzake. Kipimo cha mapema kinaweza kukosa maambukizi mapya, kwa hiyo mshauri atawaambia mrudie lini. Na kama hampangi mtoto sasa hivi, njia ya uzazi wa mpango ianze kabla ya safari. Watoto wa Februari wanaozaliwa miezi tisa baada ya kikosi kurudi tunawafahamu.

Nina aibu kuuliza. Mwaka mzima hatujawa pamoja, na sasa naona kama ni mgeni.

Ni kawaida, wala hujapungukiwa mapenzi. Usiku wa kwanza hotelini usiupange uwe wa kila kitu. Wengine wanapambiwa kitanda kwa maua mekundu na mataulo yaliyokunjwa kama bata, wanaingia chumbani wanaangaliana kama wamepelekwa kwa mkuu wa shule. Ukiweza, yakatae maua. Fikeni mchana, ogeni, kaleni, tembeeni, laleni. Ukimsogelea akiwa usingizini msemeshe kwanza kwa jina kabla ya kumgusa, hasa wiki za mwanzo. Anaweza kuamka kwa kuruka, na mkono ukarushwa bila yeye kujua.

Anashtuka na sauti. Je, tuchague hoteli ya aina gani?

Chumba cha mwisho wa korido au banda la peke yake, mbali na jenereta, jiko na disko. Ulizeni kama kuna harusi siku hizo. Mkesha wa Mwaka Mpya fataki zinalipuliwa bila taarifa, na wapo wanaojikuta wamelala chini ya meza mbele ya watu. Kama tarehe ni hiyo, nendeni mlimani au mbaki nyumbani.

Mgahawani atachagua kiti chenye ukuta mgongoni na mlango machoni. Mwachie. Usimtanie mbele ya mhudumu. Atahesabu pia milango ya kutokea kwenye boti na atakuonyesha maboya yalipo. Hiyo ichukue kama faida.

Bia mbili jioni ni likizo. Akiwa hawezi kulala bila pombe, au baada ya mwezi na zaidi bado halali, anafoka kwa vitu vidogo, anajitenga na watoto, hilo halitibiwi na bahari. Jeshi lina hospitali zake, Lugalo ikiwa kubwa, na Muhimbili ina idara ya afya ya akili. Kwenda huko hakumfanyi awe dhaifu, na ni bora aende na wewe.

Kule alipoteza wenzake. Najisikia vibaya kumpeleka kustarehe.

Desemba 7, 2017, kambi ya Semuliki, eneo la Beni, Kongo, ilishambuliwa, na wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa. Familia zilizopokea watu wao mwaka ule zinajua ninachosema: waliorudi walikuwa na aibu ya kurudi. Wapo waliorudi baadaye na majina mengine ya aina hiyo kifuani.

Usimpeleke kabla hajaenda kuhani. Kama kuna mjane wa kumwona au kaburi la kufikia, hiyo ndiyo safari yenu ya kwanza, na uende naye, mkiwa na mkono wa rambirambi. Baada ya hapo starehe haiwi dhambi. Mkiwa ufukweni akianza kusimulia, sikiliza na usiulize "ulijisikiaje". Asiposimulia, usimchimbe. Wengine hulisema jambo kubwa kuliko yote wakiwa wanachambua nyama ya kaa, macho yako kwenye sahani, na ukiacha kula ukamkodolea, anafunga.

Tunahitaji ruhusa ya kikosi? Na picha je?

Ndani ya nchi, karatasi ya likizo ionyeshe anakokwenda, na simu yake iwe hewani. Nje ya nchi, hata Mombasa, aombe kibali mapema. Asijaribu kupita mpaka wa Horohoro kwa mazoea. Kadi ya njano ya homa ya manjano ya misheni msiitupe: tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabika kwa maisha yote.

Picha zenu wawili wekeni mkitaka, baada ya kurudi. Picha za kule, zenye kambi, magari, silaha au wenzake, zibaki kwenye simu. Na wewe shemeji, usivae ile fulana yake ya mabaka kupigia picha baharini. Sare ya jeshi kwa raia ni kosa, na likizo haikusamehe.

Mimi ndiye mwanajeshi. Mume wangu ndiye aliyebaki na watoto.

Wanawake wanakwenda misheni kila awamu, na swali lako nalipata mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mambo mengi ni yale yale. Tofauti ni ukoo: mwanamume aliyelea watoto mwaka mzima hapongezwi na mtu, na wewe unategemewa uvae kanga uingie jikoni jioni ile ile uliyotua. Kwa hiyo kwenu ninyi nasogeza safari iwe mapema kidogo, na sehemu ambayo chakula kinapikwa na mtu mwingine. Msifu mbele ya mama yake. Kisha mkiwa wawili mwache akuonyeshe jinsi anavyosuka nywele za binti yenu, hata kama zimekwenda upande.

Sisi ni Wakenya, mume wangu alikuwa Somalia.

KDF, jeshi la Kenya, wako Somalia tangu Oktoba 2011, kwa hiyo haya kwenu si mageni. Madaraka Express kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama saa tano, na Diani iko ng'ambo ya feri ya Likoni, au mzunguke kwa Dongo Kundu. Mjue tu kwamba kituoni Nairobi mizigo hupangwa chini mbwa wanuse, na askari wamesimama. Mwambie mapema asikutane nalo ghafla. Lamu ni pazuri mno, ila kama alifanya kazi upande wa mpaka ule, swali la Lamu muulize yeye. Watamu hamtakosea.

Tukigombana huko huko?

Mtagombana. Mara nyingi ni siku ya pili, na mara nyingi ni juu ya kitu kama nani ashike pesa. Aliyebaki amezoea kuamua, aliyerudi amezoea kuamuriwa au kuamuru. Kabla ya kuondoka kubalianeni: leo unaamua wewe, kesho mimi, kuanzia chai mpaka kulala, na mwenzake halalamiki. Mmoja akitaka kukaa peke yake saa mbili, aende, ufukwe ni mrefu. Msipige simu kwa wazazi.

Turudi lini?

Siku mbili kamili kabla hajaripoti kikosini, na isiwe Jumapili jioni, foleni ya kutoka bandarini peke yake inawarudisha mlikotoka. Nguo zifuliwe, watoto wachukuliwe kwa bibi, buti zipigwe rangi. Tiketi ya boti ya kurudi kateni pamoja na ya kwenda, muwe na ile ya asubuhi. Ya jioni bahari ikichafuka huahirishwa, na mkuu wa kikosi hapokei simu ya "afande, kuna mawimbi".